Dawa Iliyofungwa Kwenye Mafuta

Sauti yangu ndiyo hii, imekwaruza, na haitarudi kuwa ile ya zamani. Nivumilieni. Mkiona nimenyamaza katikati ya maneno, sijasahau ninachosema. Nameza mate, na mate yangu siku hizi yanataka kusubiriwa. Ninyi mlioanza matibabu juzijuzi mmetaka niwaeleze nilivyougua na nilivyopona. Nitaeleza yote. Lakini uchungu umo ndani yake, na siutoi ili mfurahi.

Naitwa Athumani Kapela, mtu wa Isevya, hapahapa Tabora. Kazi yangu ni kupika kwenye shughuli: harusi, maulidi, hitima. Kama umekula pilau ya harusi hapa mjini na ukaulizia mpishi, huenda ulitajiwa mimi. Nilikuwa mtu wa mwili, shingo nene, mikono ya kunyanyua sufuria lenye wali wa watu mia bila kuita msaidizi. Mchuzi nilikuwa nauonja ukiwa bado unatokota jikoni. Chai sikuijua kama haitoi moshi. Vijana wangu walikuwa wanasema koo langu limetengenezwa kwa bati.

Ilianza kwenye harusi moja kule Ipuli. Tulishapakua, nikakaa pembeni na sahani yangu. Nikatafuna kipande cha nyama, nikameza, kikashuka mpaka hapa, katikati ya kifua, kikasimama. Ni kama mtu amekuziba kwa ndani na kidole gumba. Nikanywa maji ya kukisukuma, maji yakarudi na kutokea puani. Nikaenda nyuma ya turubai nikatapika, na kile kipande kikatoka vilevile kilivyoingia. Nikacheka peke yangu. Nikasema, Athumani, umezeeka, tafuna vizuri.

Baada ya nyama ukafuata ugali. Baada ya ugali ukafuata mkate. Nikawa naloweka kila kitu kwenye mchuzi, na watu wakadhani ni ulafi. Mke wangu, Mwanaidi, hakudhani hivyo.

"Baba Zuhura, mbona unakula kama umelazimishwa?"

"Sina njaa."

"Wewe? Huna njaa wewe?"

Duka la dawa waliniambia ni vidonda vya tumbo. Nikanywa vidonge, kiungulia kikapungua, lakini chakula kiliendelea kukwama. Kwikwi ikinishika asubuhi inanitoka adhuhuri. Mate yakawa mazito kama ute wa bamia, naamka mto umelowa. Mdomo ukatoa harufu, nami mwenyewe nikaisikia, nikaacha kuongea na watu kwa karibu. Mkanda nikautoboa tundu jipya, halafu jingine. Choo kikawa cheusi kama lami.

Hapo ndipo alipoingia Idrisa. Huyu ni mdogo wangu, tumbo moja, kitinda mimba wa mama yetu. Idrisa anauza dawa za miti minadani. Ana pikipiki, ana kipaza sauti, na ana mdomo ambao kipaza sauti hakiuhitaji. Alikuja na unga wa magamba ya miti kwenye mfuko wa nailoni.

"Kaka, ukienda hospitali watakupasua, wakishakupasua umekwisha. Huu unga unakula uvimbe wenyewe. Chemsha, kunywa ukiwa wa moto."

Nikanywa. Ulikuwa mchungu wa kukunja ulimi, na pale kifuani ulichoma kama pilipili kwenye jicho. Nikatapika, na matapishi yakawa na nyuzi za damu. Nilimpigia simu. Akasema, "Ndiyo inafanya kazi hiyo, kaka, inang'oa." Mwanaidi alitaka kuumwaga ule unga, Idrisa akamwambia, "Shemeji, huyu ni ndugu yangu, unadhani nitampa sumu?" Basi nikaendelea, masika yote. Mpaka leo sijui kama Idrisa mwenyewe alikuwa anauamini unga wake. Nimemuuliza, na majibu yake nitawaambia mbele.

Siku niliyoshindwa kumeza maji, Mwanaidi hakunitaka ushauri. Alinivalisha kanzu, akaita bajaji, akasema, "Leo ni hospitali. Idrisa akitaka, aje na unga wake hukohuko."

Kwenye benchi la kusubiri kipimo nilikaa na mtu mrefu, mkavu, wa kutoka Usinge. Akanisalimia Kinyamwezi, "Mwangaluka," nikamwitikia, tukaendelea kwa Kiswahili. Jina lake Shija. Analima tumbaku na ana mizinga yake ya nyuki upande wa msituni. Mtu wa Moravian, mwimbaji wa besi kanisani, na besi yake ilishaanza kukatikakatika.

"Wewe inakwama wapi?" akaniuliza.

Nikamwonyesha kifuani. Akaweka kidole chake, chini kidogo ya pale pangu.

"Basi yako imekaa ghorofani, mzee. Mimi niko chini."

Tulicheka, tukatemea mate kwenye vikopo vyetu, tukacheka tena. Aliingia yeye kwanza, mimi nikafuata. Wanakupulizia dawa ya ganzi kooni, unalala ubavu, wanakupitisha mpira wenye kamera mdomoni. Macho yanatoka machozi bila kulia. Walikata kinyama kidogo kwenda kupima. Majibu yalipokuja, tuliitwa siku moja, mmoja baada ya mwingine. Daktari kijana, akanipa shikamoo kwanza, nikaitika marahaba, ndipo akasema.

"Mzee, ni saratani ya umio, hii njia ya chakula. Haijasambaa mbali. Uende Dar es Salaam, na uende mapema."

Shija naye aliambiwa hayohayo na kupewa rufaa ileile. Tukabadilishana namba za simu. Akasema, "Tangulia, ndugu yangu. Mimi nina tumbaku kwenye bani, inakaushwa kwa moto, nikiiacha itaungua. Nikiishusha tu, utaniona huko."

Barabara ile ya kwenda pwani, wahenga wetu waliikanyaga kwa miguu na pembe za ndovu begani. Mimi niliipita nimeegemea kioo cha basi, nina kikopo cha mate mkononi na taulo shingoni. Kila basi liliposimama abiria wanashuka kula, mimi nilibaki nanusa mafuta ya chipsi.

Dar waliniwekea kwanza bomba la kulishia, limetobolewa hapa tumboni. Uji unapita kwenye bomba, haugusi ulimi. Tumbo linajaa, mdomo una njaa. Kwa mpishi, hakuna adhabu kama ile.

Daktari wangu alikuwa mama wa makamo, mpole wa sauti, mkali wa macho. Alinieleza kwamba nitapigwa mionzi na kuwekewa dripu za dawa kwa pamoja. Siku ya dripu ya kwanza, dawa haijafika hata robo ya chupa, nikaanza kuwashwa viganja. Kisha uso ukapata moto. Kisha kifua kikabana, nikavuta hewa haiji. Nilimwona Mwanaidi anapiga kelele, simsikii. Wauguzi wakafunga dripu, wakanichoma sindano, wakaniwekea oksijeni. Nilipopata fahamu kamili, nguo zimelowa, na nimejikojolea.

Kesho yake daktari akaja akakaa kitandani kwangu.

"Mzee Athumani, dawa ile asili yake ni ganda la mti, mti unaoota nchi za baridi."

"Mti?" nikamuuliza. Nilihisi kama ananitania. "Nimetoka nyumbani kukimbia magamba ya miti."

"Hapana, usiyachanganye. Haya hayachemshwi. Ndani ya ganda kuna vitu vingi mno, vingine sumu tupu. Wataalamu wanatoa kitu kimoja, wanakisafisha, wanakijua kinafanya nini na kwa kipimo gani. Shida yake ni kwamba hakipatani na maji, na damu ni maji. Kwa hiyo huchanganywa na mafuta ya mbarika, yaani nyonyo, yaliyopitishwa kiwandani. Mara nyingi ni huo mchanganyiko ambao mwili wa mtu unaukataa, na nadhani ndio uliokuponza."

Akafikiri kidogo, akaniuliza, "Ukitia binzari kwenye maji inakuwaje?"

"Inatuama chini, chengachenga."

"Na kwenye mafuta ya moto?"

"Inatoa rangi, inaenea sufuria nzima."

"Vizuri. Sasa ipo dawa hiihii, imefungwa ndani ya vitone vya mafuta. Vidogo sana, hata darubini yetu ya maabara haivioni. Na si mafuta ya kupikia. Ni ya aina iliyomo kwenye chembe za mwili wako mwenyewe, ndiyo maana mwili hauyashtukii sana. Vitone vinatembea na damu. Mishipa ya uvimbe mara nyingi ina matundu, kwa hiyo vingi vinavujia humo. Si vyote, na si kwa kila mgonjwa. Si muujiza, mzee. Nywele zitanyonyoka vilevile."

Dawa hiyo haikuwepo hospitalini. Iliagizwa nje, tukasubiri, na kila siku ya kusubiri nilijipapasa shingo kuona kama kuna kitu kinaota. Ilipofika niliogopa kuliko siku ya kwanza. Muuguzi aliifungulia polepole, akasimama hapohapo ananitazama usoni. Nikangoja viganja viwashe. Havikuwasha.

Nisiwadanganye kwamba ilikuwa rahisi. Nywele zilitoka, na nyusi, na ndevu nilizofuga tangu ujana. Nyayo zikafa ganzi mpaka nikawa navaa kandambili moja bila kujua nyingine imebaki. Chembe nyeupe za damu zikashuka, dripu ikaahirishwa. Mionzi iliniunguza koo kwa ndani, nikawa natema vitu kama ngozi ya maziwa. Kuna asubuhi nilimwambia Mwanaidi anirudishe Isevya nikafie kwenye kitanda changu. Akaendelea kunisafisha bomba. Akasema, "Kufa huko utakwenda peke yako, mimi sikusindikizi." Nikakasirika, na hasira ikanivusha siku ile.

Halafu siku moja nikameza mate. Yakashuka yote. Nikameza tena. Nikamwita Mwanaidi aje aone, kana kwamba kumeza mate ni kitu cha kuonwa.

Jioni hiyo Idrisa alipiga simu. Nilikuwa na furaha, nikamweleza yote kama nilivyoelezwa.

"Kumbe dawa yenyewe ni mti?" akasema.

"Ganda la mti. Lakini wanatoa kitu kimoja..."

"Na wanafunga kwenye mafuta?"

"Mafuta, lakini si haya ya..."

"Alhamdulillah, kaka! Alhamdulillah!" Alikuwa anacheka. Nikadhani ananifurahia mimi.

Matibabu yalipokwisha, walipitisha kamera tena. Daktari akaniambia, "Sioni kitu. Sisemi umepona, nasema sioni kitu, na utarudi nikutazame tena na tena." Nilikunywa uji kwa mdomo. Baadaye kidogo nikala mkate uliolowekwa kwenye chai ya vuguvugu. Nililia, na chozi likaingia kwenye kikombe, nikanywa hivyohivyo.

Muda wote huo Shija sikumwona Dar. Nilimpigia, simu haipatikani. Nikajiambia, huko Usinge mtandao ni wa kubahatisha.

Niliporudi Tabora, mtu wa kwanza kunisalimia stendi alinishika mikono yote miwili, akasema, "Mzee Athumani! Ile dawa ya mdogo wako ni kiboko!" Sikuelewa. Nilielewa siku ya tatu tukipita karibu na soko. Nilisikia jina langu hewani.

"Kaka yangu wa tumbo moja! Athumani Kapela, mpishi, mnamjua wote! Saratani ya koo! Leo anakula nyama! Dawa ya mti iliyofungwa kwenye mafuta, ile ile ya Dar es Salaam, msipoteze nauli!"

Juu ya meza palipangwa chupa za maji zilizotumika, zimejazwa mafuta ya karanga, na chini yake umetuama ule unga. Ule ule niliotapikia damu.

Nilimwita nyumbani. Alikuja na zawadi ya kanga kwa Mwanaidi.

"Idrisa, nani alipona kwa dawa yako?"

"Si wewe, kaka?"

"Mimi?"

"Ulikunywa, hukunywa? Masika yote ulikunywa. Nani anajua ni ipi iliyokuponya? Halafu wewe mwenyewe uliniambia, mti na mafuta. Nimesema uongo wapi?"

"Unaamini hayo unayosema?"

Akasema, "Watu wanaamini, kaka. Mtu mgonjwa anataka kitu cha kuamini."

Mwanaidi alimrudishia kanga yake mlangoni.

Nikasafiri kwenda Usinge. Nilimkuta mke wa Shija, Mama Kabula, anapepeta mahindi. Alinitambua kabla sijajitaja, maana Shija alimsimulia habari zangu zote za benchi. Akaniletea kigoda. Akaniuliza kama nitakunywa uji, akauleta umepoa, bila kuambiwa.

"Alishafunga mfuko wa safari," akasema. "Tumbaku ilishashushwa. Akaenda mnadani kununua viatu vya kwendea Dar, akarudi na chupa. Nikamwuliza viatu viko wapi. Akasema, ile safari haina haja tena, Mzee Athumani amepona kwa hii. Nikamwambia mpigie umwulize. Akapiga, haukupatikana."

Nilikuwa kwenye mionzi miezi ile, simu yangu ikizimwa mara kwa mara. Sikumwambia. Angenijibu nini?

"Walimwambia anywe kijiko kikubwa asubuhi na jioni. Njia yake ilishaziba, baba. Mafuta hayakushuka. Yakakaa pale juu, akilala yanaingia kifuani. Akawa anakohoa mafuta, nayaona na ule unga ndani yake. Nikamsihi aache. Akasema, Mzee Athumani naye alianza hivihivi. Ikaja homa. Alikufa amekaa, maana kulala alishindwa."

Nikakaa na kile kikombe mkononi. Hakunilaumu, na ningependa anilaumu. Alinipeleka kwenye kaburi, akasimama nyuma kidogo ili nisome dua yangu. Tulipokuwa tunarudi akasema tu, "Alikuamini sana wewe."

Mnada uliofuata wa hukohuko Usinge nilikwenda nikasimama mbele ya meza ya Idrisa. Sikuwa na kipaza sauti, nina sauti hii mnayoisikia. Nikasema, "Mimi ndiye Athumani Kapela. Dawa hii sikupona nayo, ilinitapisha damu. Nilitibiwa hospitali. Na Shija wa hapahapa ameuawa na mafuta haya." Idrisa akazima kipaza sauti, akaanza kuingiza chupa kwenye gunia. Halafu mama mmoja mwenye kitambaa cheupe kichwani akanisogelea, akanitazama koo, akanitazama mashavu.

"Wewe baba umepona, umenawiri," akasema. "Kwa nini unatunyima sisi?"

Akanunua chupa moja mbele ya macho yangu.

Idrisa sasa hafanyi biashara hapa mjini. Nasikia anazunguka wilaya nyingine, na jina langu anazunguka nalo. Nilitoa taarifa panapostahili, nikaambiwa wanafuatilia. Wanaotaka nimsamehe kwa sababu ni damu yangu wanakuja nyumbani, nawapa chai, wanaondoka na jibu lilelile. Siwezi. Labda siku moja nitaweza, lakini leo nisingesema kweli.

Namshukuru Mungu kwa hewa hii. Namshukuru yule daktari mama, na wauguzi waliosimama wananitazama usoni, na watu nisiowajua waliokaa maabara wakafikiria namna ya kuivusha dawa ngumu kwenye damu ya binadamu. Namshukuru Mwanaidi, aliyekataa kunisindikiza. Narudi jikoni siku hizi, nanyanyua sufuria dogo, na mchuzi naonja ukishapoa.

Na ninyi, sikieni. Chakula kikianza kukukwama, usicheke kama nilivyocheka. Nenda ukapimwe wakati bado unameza. Ukiwa na daktari, muulize kila kitu, hata kama ni mti na mafuta, na usikilize mpaka mwisho wa sentensi. Na mtu akikuambia fulani alipona kwa dawa yangu, mtafute huyo fulani. Mfuate mpaka kwake. Asipopatikana, usimeze.

Shija na mimi tulikuwa na ugonjwa mmoja na rufaa moja, na uvimbe wake, kwa maneno ya yule daktari kijana aliyetupa majibu, ulikuwa mdogo kuliko wangu. Mimi nilimwamini daktari nisiyemjua. Yeye aliniamini mimi.